Chemsha Bongo ya Historia: Muulizaji Naye ni Mpokezi

 

Ndugu msomaji, hapa Usa River, kama ilivyo katika miji mingi midogo iliyopo kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, mashindano ya chemsha bongo yamekuwa sehemu ya maisha ya shule zetu. Mwaka huu nilialikwa kuwa miongoni mwa wasikilizaji katika mashindano ya historia ya dunia yaliyofanyika katika shule moja ya sekondari. Wiki chache baadaye madrasa moja nayo ikaandaa mashindano yake, kwa nia ya kuonesha mchango wa Waislamu ambao, kwa maneno ya waandaaji, shule haziutaji. Karatasi zote mbili za maswali nimezipata na nimezisoma swali kwa swali. Makala hii ni tathmini ya karatasi hizo. Sitazitaja taasisi zenyewe kwa majina, kwani lengo si kumuaibisha yeyote, bali ni kusahihishana.

Kilichonisukuma kuandika ni alama moja. Kijana wa kidato cha tatu, ambaye husoma Qur'an katika darsa yetu baada ya Alasiri, aliulizwa: "Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikwisha tarehe gani?" Akajibu bila kusita: tarehe 25 Novemba 1918. Kengele ya kosa ikapigwa. Jibu lililoandikwa kwenye karatasi ni 11 Novemba 1918. Kundi lake likashindwa kwa alama hiyo moja. Jioni alinifuata msikitini baada ya Magharibi.

"Shikamoo Ustadhi. Lile jibu langu nimelisoma kitabuni. Nimekosa nini?"

"Marahaba mwanangu. Hukusema uongo," nikamwambia. "Ila swali halikukuambia vita vilikwisha wapi."

Na huo ndio ukweli. Tarehe 11 Novemba 1918 ni siku yaliposainiwa makubaliano ya kusitisha mapigano huko Compiègne, Ufaransa. Lakini katika ardhi yetu mapigano hayakukoma siku ile. Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, alipata habari baadaye, na akaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Hapa Arusha na Moshi Waingereza walikuwa wameshaingia tangu Machi 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo kwa njaa, maradhi na uchovu, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Ama kwa upande wa Uturuki, amani ya mwisho ilisainiwa Lausanne mwezi Julai 1923. Basi kijana alijibu kwa tarehe ya nchi yake, na karatasi ilikuwa na tarehe ya Ulaya peke yake.

Nilimwendea mwalimu aliyekuwa akisoma maswali, nikamweleza kwa upole. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Shekhe, mimi nakuelewa, lakini karatasi ndiyo inayosema." Jibu hilo limekaa moyoni mwangu. Karatasi haisemi. Karatasi ameiandika mtu, na mtu huyo ameyatoa maneno yake kwa mtu mwingine. Sisi tuliosoma elimu ya hadithi tunalo jina la mtu wa namna hiyo. Tunamwita mpokezi.

HOJA YETU

Kila swali la historia lina habari ndani yake. Anayeuliza "nani aligundua Mlima Kilimanjaro?" tayari amekwishatoa habari kwamba mlima ule uligunduliwa, na kwamba aliyeugundua ni mtu mmoja anayejulikana. Mtoto anayejibu hapewi nafasi ya kuuliza habari hiyo imetoka wapi. Anapewa sekunde chache na kengele. Kwa hiyo dhima ya ukweli haimo kwa anayejibu, imo kwa aliyetunga swali. Na Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Hujurat (49:6) tuichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mtume (s.a.w.) naye ametutahadharisha kwamba mtu kusimulia kila alichokisikia kunatosha kumtia katika uongo.

Hivyo mtunzi wa maswali apimwe kwa kipimo kile kile tunachompimia mpokezi: Je, habari hii ameipata wapi? Aliyeisema mwanzo aliliona tukio, au alikuja baada yake? Je, wapo waliosema kinyume chake? Tuzipitie sasa karatasi mbili kwa kipimo hicho.

KARATASI YA SHULE

Swali la Kilimanjaro lilikuwa la pili katika karatasi, na jibu lake: Johannes Rebmann, mwaka 1848. Ni ajabu kuliuliza swali hili Usa River, mahali ambapo asubuhi isiyo na mawingu mtu hutoka nje akauona mlima wenyewe upande wa mashariki. Wachagga walikuwa wakilima kwenye miteremko yake, na misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikipita chini yake. Rebmann mwenyewe aliongozwa na kiongozi wa msafara, Mwislamu aliyeitwa Bwana Kheri. Anayeongozwa njia na mwenyeji hawezi kuitwa mgunduzi wa kile alichooneshwa.

Lakini tuwe waadilifu, kwani Allah (s.w.) anatukataza kuacha uadilifu hata kwa wale tusiokubaliana nao (5:8). Rebmann alikuwa mmishenari, na habari aliyoitoa ilikuwa ya kweli. Mei 1848 aliona kitu cheupe juu ya kilele, na aliandika kwamba kiongozi wake alikiita kwa neno moja tu, baridi. Akaeleza kuwa ni theluji. Huko London mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima huo, alimkadhibisha kwa miaka mingi. Huyu aliona, na yule alikaa chumbani akakanusha. Kwa vipimo vyetu Rebmann ni shahidi aliyeona kwa macho, na ushahidi wake unakubalika. Swali lililo sawa lingekuwa: "Ni Mzungu gani aliyeandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, na nani alimkanusha?" Swali hilo linampa mtu haki yake bila ya kuwapokonya wenyeji haki yao.

Swali la tano liliuliza ni nani wa kwanza kuizunguka dunia kwa merikebu. Jibu la karatasi: Magellan. Hili ni kosa la wazi. Magellan aliuawa Mactan, katika visiwa ambavyo leo ni Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521. Merikebu iliyobaki, Victoria, ilirejea Hispania Septemba 1522 ikiongozwa na Juan Sebastián Elcano pamoja na mabaharia wachache waliosalimika. Aliyekufa njiani hakuikamilisha safari.

Nimeyataja mawili haya kwa kuwa yanaonesha aina mbili za ubovu. Swali la Magellan lina jibu la uongo, nalo husahihishwa kwa kufungua kitabu. Swali la Kilimanjaro lina jibu ambalo kila kitabu kitalithibitisha, lakini ubovu umo katika swali lenyewe. Huu wa pili ni mzito zaidi, kwani mwanafunzi hodari ndiye anayeumeza kwanza.

KARATASI YA MADRASA

Nilipopewa karatasi ya madrasa nilitarajia kupumua. Kwa masikitiko, ndugu zangu, nasema kwamba karatasi yetu haikuwa bora kuliko ile. Katika jambo la uchunguzi wa habari ilikuwa chini yake, nasi ndio wenye elimu ya sanad.

Swali la kwanza: "Mwanaanga gani alisikia adhana mwezini kisha akasilimu?" Jibu lililoandikwa: Neil Armstrong. Habari hii imezunguka katika mawaidha na kanda kwa zaidi ya miaka arobaini. Armstrong alitua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Uvumi wa kusilimu kwake ulienea mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi kama Misri, Malaysia na Indonesia, na mwenyewe akaukanusha. Mwaka 1983 wizara ya mambo ya nje ya Marekani iliziandikia balozi zake katika nchi za Waislamu kueleza kwamba habari hiyo si kweli. Alifariki mwaka 2012 hali hajathibitisha hata neno moja la kisa hicho. Zaidi ya hayo, mwezini hakuna hewa ya kuchukua sauti. Mwenye habari amekanusha, na akili inakanusha. Baada ya hapo imebaki nini? Dini ya Allah (s.w.) haipungukiwi kitu kwa mwanaanga kutosilimu. Lakini mtoto aliyepewa alama kwa jibu hilo, siku atakayoujua ukweli, ataanza kuyatilia shaka hata yale ya haki aliyofundishwa na mwalimu yule yule. Hilo ndilo la kuogopwa.

Swali la nne: "Mbwa wa Watu wa Pangoni aliitwa nani?" Hapa nataka tusimame kidogo, kwani Qur'an yenyewe imetoa hukumu juu ya maswali ya aina hii. Katika Suratul Kahf (18:22) Allah (s.w.) anataja jinsi watu watakavyobishana juu ya idadi ya vijana wale: wapo wanaosema watatu, wapo wanaosema watano, wapo wanaosema saba, na mbwa wao akihesabiwa baada yao. Kisha Mtume (s.a.w.) anaelekezwa kusema kwamba Mola wake ndiye ajuaye zaidi idadi yao, na asibishane juu yao ila kwa lililo wazi. Imepokewa kuwa Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akisema kwamba yeye ni katika wachache waijuao idadi hiyo. Hata hivyo mafunzo ya kisa ni imani ya vijana, subira yao na uwezo wa Allah wa kufufua. Kama idadi ya watu wenyewe tumeelekezwa tusiigombanie, basi jina la mbwa lina nafasi gani? Ibn Taymiyya, katika utangulizi wake wa misingi ya tafsiri, ametaja kwa mfano rangi ya mbwa huyu, aina ya mbao za jahazi la Nuh (a.s.) na jina la kijana aliyeuliwa na Khidhr, akaeleza kwamba mambo haya hayana dalili sahihi wala faida ya dini kuyajua.

Swali la saba liliuliza ni mwanamke gani aliyeanzisha chuo kikuu cha kwanza duniani. Jibu: Fatima al-Fihri, mwaka 859, Fas. Hili si la kutupwa kama lile la Armstrong, lakini linahitaji kuandikwa kwa uangalifu. Kilichojengwa wakati ule ni msikiti wa Qarawiyyin, na darsa zake zilikua kwa karne nyingi hata ukawa miongoni mwa vituo vikubwa vya elimu. Habari ya Fatima imetufikia kupitia kitabu cha Ibn Abi Zar, aliyeandika karne ya 14, zaidi ya miaka 400 baadaye. Basi ingetosha kuuliza: "Kwa mujibu wa Ibn Abi Zar, nani alijenga msikiti wa Qarawiyyin?" Maneno matatu ya mwanzo yanamfundisha mtoto kwamba habari ina mwenyewe.

SWALI AMBALO KARATASI ZOTE MBILI ZIMELIKUBALI

Lipo swali moja lililomo katika karatasi zote mbili, na majibu yake yakafanana: "Nani alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498?" Jibu: Ahmad ibn Majid. Shule imeuliza kama habari ya safari, madrasa imeuliza kama fahari. Hebu tuifuate sanad yake.

Da Gama aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498 na akafika karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Katika merikebu zake alikuwemo mtu aliyeandika kumbukumbu za safari siku kwa siku. Huyu anasema tu kwamba mfalme wa Malindi aliwapa rubani, na anamwita Mkristo, kwani Wareno wakati ule waliwadhania Mabaniani kuwa ni Wakristo. Hamtaji jina. Katikati ya karne ya 16 mwanahistoria wa Kireno João de Barros aliandika kwamba rubani yule alikuwa Mwislamu wa Gujarat, aitwaye Malemo Cana. Msomaji wa pwani atalitambua neno la kwanza mara moja: ni maalim, mjuzi wa njia za bahari. Ni cheo kuliko jina. Ama Ibn Majid, mwandishi mkubwa wa elimu ya bahari, alikuwa mtu wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah, wala hakuwa Mgujarati.

Basi jina la Ibn Majid limetoka wapi? Limetoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka aliyefariki mwaka 990 H (1582), katika kitabu chake kuhusu Waturuki kuiteka Yemen. Aliandika zaidi ya miaka 70 baada ya tukio, hakuwa baharini, na hakutaja alilipata kwa nani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa Kifaransa Gabriel Ferrand akaieneza habari hiyo, na kutoka hapo ikaingia katika vitabu vya shule. Wataalamu waliokuja baadaye, akiwemo G. R. Tibbetts aliyekitafsiri kitabu kikubwa cha Ibn Majid kwa Kiingereza, wameitilia shaka.

Na sasa lije lile ambalo watunzi wetu hawakulijua. Al-Nahrawali hasemi tu kwamba Ibn Majid aliwaonesha Wareno njia. Anasema aliwaonesha akiwa amelewa. Anayelichukua jina kutoka katika riwaya hii ameichukua pamoja na tuhuma ya ulevi dhidi ya Mwislamu aliyekufa, ambaye hana wa kumtetea, kwa mpokezi mmoja aliyechelewa, asiyetaja mtu aliyempokea, na anayepingana na walio karibu zaidi na tukio. Kama ingekuwa ni hadithi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesema: hii ni dhaifu. Lakini kwa kuwa ni chemsha bongo, tumeitia katika bahasha na kuwapa watoto wetu waitaje kwa fahari. Mtume (s.a.w.) ametukataza kuwatukana maiti. Tunafanya hivyo bila kujua, na kutojua huku ndiko kunakokatazwa na aya ya Hujurat.

JE, TAREHE HAZINA FAIDA?

Huenda msomaji akasema: basi tuache mashindano haya kabisa, yote ni upuuzi. Sivyo. Tarehe ni silaha, na maulamaa wetu waliitumia. Katika karne ya 5 Hijria ulitolewa Baghdad waraka uliodaiwa kuwa ni wa Mtume (s.a.w.), unaowaondolea Mayahudi wa Khaybar kodi ya jizya, ukiwa na ushahidi wa Maswahaba. Akapewa al-Khatib al-Baghdadi autazame. Akasema ni wa kughushi. Alipoulizwa dalili akaeleza kwamba miongoni mwa mashahidi yumo Muawiya, ambaye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, yaani mwaka wa 8, na Khaybar ilikuwa mwaka wa 7. Na yumo Saad ibn Muadh, ambaye alifariki baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5, kabla ya Khaybar. Tarehe tatu zikauvunja waraka uliodanganya wakubwa.

Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliwalaumu wanahistoria walionakili kwamba jeshi la Bani Israil pamoja na Musa (a.s.) lilikuwa watu 600,000 au zaidi. Akawataka waipime idadi hiyo kwa ukubwa wa nchi, kwa upana wa uwanja wa vita na kwa vizazi vilivyopita baina ya Yaaqub na Musa. Kwake yeye tarakimu ilikuwa jambo la kupimwa kwanza, ndipo ihifadhiwe. Huko ndiko tunakotaka kuwafikisha vijana: wajue tarehe ili waweze kuipima habari.

HUKUMU YA KIINGILIO NA ZAWADI

Limebaki jambo la fiq-hi ambalo maimamu wengi huulizwa. Katika mashindano ya pili kila mshiriki alitoa kiingilio, na fedha zilizokusanywa ndizo zikawa zawadi ya mshindi. Je, inafaa?

Asili ya mlango huu ni hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, ambayo imefunga malipo ya mashindano katika mambo matatu: kulenga mishale, mbio za ngamia na mbio za farasi. Jamhuri ya maulamaa, na miongoni mwao Mashafii ambao ndio wengi katika nchi zetu, hawakuruhusu washindani kuwekeana mali katika yasiyokuwa hayo na yanayofanana nayo katika maandalizi ya jihadi. Mahanafi, na pia Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, wameingiza mashindano ya elimu, kwa kuwa dini husimama kwa hoja kama inavyosimama kwa silaha.

Miongoni mwa dalili zao kuna kisa ambacho chenyewe ni historia ya dunia. Wafursi walipoishinda Rumi na kuiteka Baytul Maqdis mwaka 614, washirikina wa Makka walifurahi. Mwanzo wa Suratur Rum ukashuka ukieleza kuwa Warumi watashinda katika miaka michache. Abu Bakr (r.a.) akawekeana dau na washirikina juu ya jambo hilo. Na kweli, Heraclius aliwashinda Wafursi karibu na Ninawi mwezi Desemba 627. Wanaoruhusu wanasema lile lilikuwa dau juu ya ukweli wa dini. Wanaokataza wanajibu kwamba lilifanyika kabla ya kuharamishwa kamari, na katika riwaya ya Tirmidhi jambo hilo limetajwa wazi.

Kwa mwenye kutaka salama ya dini yake, njia ni nyepesi. Zawadi itoke kwa mtu wa nje: mfadhili, msikiti, au wazazi wasioshindana. Majmaa ya Fiq-hi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Doha cha Januari 2003, ilipojadili mashindano ya zawadi iliweka miongoni mwa masharti kwamba zawadi isitokane na washindani wote. Kama kuna gharama za ukumbi na chakula, mchango wake ukusanywe mbali, uhesabiwe mbali na usiguse zawadi. Ama kumkusanyia mshindi fedha za walioshindwa, ambapo kila mmoja anaingia akiwa baina ya kupata na kupoteza, hiyo ndiyo sura ya kamari, hata kama maswali yake ni ya Sira.

USHAURI KWA WATUNZI

Kwanza, kila swali liandikwe pamoja na chanzo chake katika nakala ya waamuzi. Swali lisilo na chanzo lisisomwe. Pili, swali litaje mahali na litaje mtu aliyesema: vita vilikwisha wapi, kwa mujibu wa nani. Tatu, neno "aligundua" lisitumike kwa ardhi yenye watu. Nne, mwanafunzi apewe haki ya kupinga jibu, na jopo liwe na mtu mwenye elimu wa kumsikiliza. Tano, maswali ya nyumbani yasipungue, kwani dunia imepita hapa kwetu.

Mfano wa jambo hilo la tano uko jirani kabisa. Pale Tengeru, baina yetu na mji wa Arusha, yapo makaburi ya Wapolandi. Karatasi ya shule iliuliza Vita Vikuu vya Pili vilianza mwaka gani, lakini haikuuliza watu hawa walifikaje. Walihamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti mwaka 1940 na 1941, wakapitia Iran mwaka 1942, nchi ya Waislamu iliyowapokea wakiwa na njaa na maradhi, kisha maelfu yao wakaletwa Tengeru na kuishi hapo miaka kadhaa. Mwaka 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hapo Arusha mjini Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilitoa hukumu ya Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ikafunga kazi mwishoni mwa 2015. Na ukitaka Uislamu wa pwani yetu, msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 H (1107) yaliyochongwa ukutani, na Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan ibn Sulayman, akatusimulia alichokiona kwa macho yake. Hizi ni habari zenye sanad. Hatuna haja ya adhana ya mwezini.

Alama ya kijana wetu haikurudishwa. Mashindano yamekwisha na kombe limekwenda kwa wengine. Lakini alipokuja tena kwenye darsa nilimpa karatasi ya madrasa, nikamwambia achague swali moja atafute limetoka wapi. Akachagua la Ibn Majid. Yaliyoandikwa hapo juu juu ya swali hilo, sehemu yake alianza kuyauliza yeye kabla yangu. Tukiwapa vijana wetu fursa hiyo, basi insha-Allah watakuwa hodari wa kujibu, na zaidi ya hapo watakuwa waaminifu wa kupokea.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuoneshe haki kuwa ni haki na atupe kuifuata, na atusamehe tulipoteleza katika makala hii. Mwenye kusahihisha na asahihishe kwa dalili, nasi tutashukuru.

Wallahu a'alam.